Coffin na Coughing

Hata leo nikisikia randa ikikwangua mbao, masikio yangu yanangoja kikohozi. Ndivyo karakana ya baba pale Yamumbi ilivyolia: randa mara tatu, kikohozi, randa tena. Baba alikuwa fundi wa majeneza. Vumbi la mbao lilimkaa kwenye nyusi, na sisi watoto tulimcheka eti anazeeka kabla ya chai ya saa nne.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alituambia tuandike sentensi ya Kiingereza kuhusu nyumbani. Nikataka kusema baba anakohoa. Sasa niambie wewe, kwa midomo yetu ya huku, coughing na coffin zina tofauti gani? Moja ni pumzi inayogombana na kifua, nyingine ni sanduku la kuzikia, lakini sisi tulizitamka sawasawa. Na spelling niliyoijua ni moja tu, ile ya coffin kwenye kibao cha baba kando ya barabara. Nikaandika kwa maringo: My father is coffin every day.

Cherop, tuliyekaa naye dawati moja, akachungulia. "Woi! Babake ni jeneza! Mnampiga misumari saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliandika kitu kirefu kwa wino mwekundu, akanirudishia kitabu. "Baba asome, asaini. Usisahau."

Mimi niliona wekundu tu. Nikakifunga bila kusoma, na jioni nikakisukuma chini ya godoro.

"Mama, leo hakuna homework?" baba aliuliza. Aliniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Hakuna, baba."

Akakohoa, akarudi kwa randa. Kesho yake nikamwambia mwalimu baba amesafiri.

Tulimzika baba kabla shule hazijafungwa.

Wiki iliyofuata, mama akiwa mtoni, niliinua godoro nikasoma: "Mzazi, kikohozi cha kila siku si cha kuvumilia. Tafadhali nenda ukapimwe kifua wiki hii."

Kumbe mwalimu alikuwa ameelewa neno nililolitaka. Sasa nimekua, najua labda hata hospitali ingekuwa imechelewa. Najua pia kwamba barua yake ililala chini yangu, nami nikailalia kila siku.

Siku ile ile nilikwenda karakana peke yangu. Nikasimama karibu na randa ya baba, nikaisoma barua kwa sauti, polepole, kama alivyopenda nisome. Halafu mahali pa sahihi ya mzazi nikaandika jina lake.