Tumbo la Ndege Lililobanwa Mno

Kila nikinusa vanishi mbichi, hata ya kiti tu kilichotoka kupakwa, namwona baba yangu amepiga magoti chini ya tumbo la ndege.

Kwao Uvira, mji wa kando ya ziwa, baba alikuwa fundi wa boti. Toronto alifungasha kuku kiwandani, na akirudi kazini alikaa akitazama viganja vyake. Tuliishi mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na moja. Nilikuwa na miaka kumi; nikisemeshwa Kiswahili nilijibu Kiingereza, na barua zote za nyumba ile nilizisoma mimi.

Mtu wa kanisani kwetu ndiye aliyemwambia baba kuhusu wazee waliokuwa wakiunda upya ndege ya zamani katika banda moja kaskazini mwa jiji. Tukaenda Jumamosi, kwa mabasi mawili, mimi nikiwa mkalimani. Sikuwahi kuona ndege ya namna ile: mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini moja nyuma ya kiti cha rubani, na chini tumbo la mbao kama boti, kwa sababu ilikuwa ya kutua majini. Nilidhani ni mzaha.

Baba hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye zile mbao, akagonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kisha akaniita mama, kama alivyoniita siku zote, maana nilipewa jina la mama yake.

"Mama, uwaambie mbao wamezibana mno. Hita ya humu bandani imezikausha. Zikiingia majini zitavimba, zitasukumana, zitang'oka. Wafungue, waanze upya."

Nikamtazama Walter, mkubwa wao, mzee wa sweta lililotoboka viwiko. Alikuwa ametueleza punde tu kwamba kazi ile imewachukua majira mawili ya baridi. Na baba yangu, mgeni ndani ya koti la msaada lililomzidi mabega, anataka waing'oe. Uso ukaniwaka.

"Baba anasema ni nzuri sana," nikasema kwa Kiingereza.

Walter akatabasamu, akampa baba mkono. Baba akaupokea huku akinitazama mimi.

Ndani ya basi akaniuliza, "Umewaambia?"

"Ndiyo," nikasema, nikageukia dirisha.

Wiki ile alileta vipande vya mbao, sijui alivitoa wapi, akavikausha juu ya hita ya sebuleni, akavibana kwa skrubu kwenye fremu ndogo, akaizamisha katika beseni letu la kuogea. Tukaoga kwa ndoo. Mama alinung'unika kwamba ndoo aliyoikimbia Uvira imemfuata mpaka ghorofa ya kumi na moja.

Jumamosi baba akaitoa ile fremu kwenye mfuko wa plastiki, bado inadondosha maji, akaiweka mbele ya Walter. Mbao zilikuwa zimeinuka katikati, skrubu moja imechomoka. Walter aliishika muda mrefu. Akalitazama tumbo la ndege, akavua miwani.

"Muulize baba yako tuanzie wapi," akaniambia.

Nilimfikishia baba maneno yale, nikingoja aseme kwamba alishawaambia. Kiingereza cha kusema hivyo alikuwa nacho. Badala yake aliniwekea mkono kichwani.

"Uwaambie tuanzie chini. Na uwaambie wamechonga vizuri."

Tulikwenda kila Jumamosi mpaka theluji ikaisha, baba akipanga mbao upya kwa kuziachia nafasi ya kuvimba, kisha akizipaka vanishi. Siku ndege iliposhushwa ziwani, baba aliingia majini na suruali yake ya kanisani, akachungulia ndani. Palikuwa pakavu. Walter akamkumbatia, wote wawili wameloa.

Kwa miaka mingi niliamini baba hakuugundua uongo wangu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba aliujua palepale, kwa kuwa hakuna anayeambiwa ang'oe kazi yake akatabasamu vile. Aliona heri ahangaike wiki nzima na maji kuliko mimi niaibike mbele ya wazee wale.

Siku hizi ni mkalimani hospitalini. Mgonjwa akisema daktari amekosea, namwambia daktari kwamba amekosea.