Blanketi la Mito

Enzi zetu, ukitaka kulala na joto Dodoma ilibidi kwanza upige chafya wiki nzima. Vijana wa leo wanaingia dukani, wanatoka na duveti lililokunjwa ndani ya mfuko wa zipu, wanakwenda kulala. Sisi blanketi tulilichambua, tukalijaza, tukalishona, tukalifumua, tukalishona tena. Hasa kufumua. Kama kuna jambo la utoto wangu linalonikera mpaka leo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi na vidonge vya presha, ni kule kufumua.

Nazungumzia blanketi la mito la dada yangu Perisi. Wa rika langu mtayakumbuka mablanketi hayo, maana miaka ile ya ruksa nyumba yenye cherehani ilikuwa nalo au ilikuwa inaliota. Maduka yaliyokuwa matupu yalishaanza kujaa, mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, na mafundi wa barazani walishinda wakipunguza magauni ya Ulaya ili yawatoshe watu wa hapa. Mabaki waliyoyatupa chini ndiyo tuliyoyaokota. Unakata vipande vya mraba, unajaza sufi mpaka kila kimoja kinavimba kuwa kijimto, kisha unaviunga vijimto vyote mpaka vienee kitanda. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni sinia la maandazi. Ukijifunika, kuamka ni ugomvi.

Baba alikuwa karani serikalini, mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa mzaha. Kila akirudi kazini na kukuta sebule yetu pale Makole haina pa kukanyaga, alisimama mlangoni akasema, "Mji mzima huu hauna mto hata mmoja, lakini kwangu mito imefurika." Alilisema hilo kila siku, na kila siku alicheka peke yake.

Perisi alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile, na mwaka huo alichaguliwa kwenda kidato cha tano huko Njombe, aripoti mwezi wa saba. Sasa Njombe mwezi wa saba si mahali pa kwenda na shuka. Waliowahi kufika walitusimulia maji ya asubuhi yanavyouma vidole. Mama akaapa kwamba mwanawe hatatetemeka kwenye bweni la watu wengine, na kwamba atakapopanda basi atapanda na blanketi la mito, si blanketi la dukani lenye kuchoma kama upupu. Ndiyo ikawa likizo yetu ya mwezi wa sita. Wenzangu walikuwa nje wanacheza rede, nasikia kabisa wanavyogombania zamu, na mimi nimekaa mbele ya gunia la sufi.

Sufi, kwa wale waliozaliwa na simu mkononi, ni manyoya meupe yanayotoka kwenye maganda ya msufi. Ndani yake mna mbegu nyeusi, na mbegu lazima zitolewe zote, la sivyo panya watakuja kulala na wewe. Na mwezi wa sita Dodoma ni mwezi wa upepo. Ukifungua dirisha, sufi inapaa kwenda kwa majirani. Ukifunga, inaingia puani. Ilitua kwenye ugali, ikaelea kwenye mlenda, ikamkaa Baba kwenye nyusi akaenda nayo ofisini. Tukilalamika, Mama alikuwa na jibu lake: "Mchumia juani hulia kivulini." Nilimwambia hatupo juani, tupo ndani, tunakufa. Nikafukuzwa kwenda kuchota maji.

Hayo yote ningeyasamehe kama si njia ya Mama ya kushona. Alikata kipande kidogo cha chini na kikubwa cha juu, akavishika pembe kwa pembe, ile nguo iliyozidi akaikunja rinda katikati ya kila upande. Akashona pande tatu. Akajaza sufi. Akafunga upande wa nne, kwa mkono, na sindano. Akakipiga makofi mawili, akakigeuza huku na huku, akakumbuka gauni kilikotoka lilivyokuwa, akatusimulia. Ndipo akachukua kingine. Kwa mwendo ule Perisi angemaliza chuo kikuu kabla hatujafika miguuni.

Katikati ya balaa hilo akafika Mama Mdogo Leti, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo huko Morogoro, na kiwanda kilipoanza kupunguza watu alikuwa miongoni mwao. Akaja na begi moja na mkasi wake. Alitutazama tunavyochambua, akamtazama dada yake anavyobembeleza kijimto kama mtoto mchanga, akashindwa kuvumilia.

"Dada, hivi mnashona blanketi au mnalilea?"

"Haraka haraka haina baraka," Mama akajibu bila kuinua uso.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hebu nipishe hapo kwenye cherehani."

Nikaona maajabu. Mama Mdogo hakushona kijimto hata kimoja peke yake. Aliunga vipande vya chini mstari mzima, vya juu navyo mstari mzima. Akaulaza mstari mmoja juu ya mwingine, akashona ukingo wa chini, akateremsha mishono ya katikati, na tazama, mkononi ana utepe wa mifuko iliyopangana, midomo wazi. Mimi na Perisi tukaijaza yote kwa mkupuo mmoja. Kisha midomo ile hakuifunga kwa sindano. Aliuweka mstari uliofuata juu yake, akazungusha cherehani, na mshono uleule uliounga mistari miwili ukawa umeifunga na mifuko. Mshono mmoja, kazi mbili. Nilitaka kumbusu. Kufikia jioni tulikuwa na mistari mingi kuliko ile ya wiki nzima ya Mama, na mimi moyoni nilishaanza kuchagua timu ya rede.

Mama aliipokea ile mistari, akavaa miwani ya Baba, akaipitisha vidoleni polepole.

"Huu umepinda. Fumueni."

"Umepinda wapi, Dada?" Mama Mdogo akauliza.

"Hapa. Na hapa. Fumueni."

Mimi nilikuwa na macho ya utoto, macho yaliyoweza kuona embe bivu kutoka barabarani, na ninaapa ule mshono ulikuwa umenyooka kama rula. Lakini utamwambia nini mama yako? Nikachukua wembe, nikafumua. Sufi ikapaa upya. Kesho yake tukashona mistari mingine, naye akaupata uliopinda. Kesho kutwa vilevile. Safari hii rangi hazikupatana, nyekundu imekaa na nyekundu. Siku nyingine sufi ilikuwa imejazwa sana. Siku nyingine kidogo. Mama Mdogo, aliyewahi kushona sare za shule kwa mamia bila msimamizi kumrudishia hata moja, alikuwa akitoka uani kupunga upepo ili asimjibu dada yake vibaya. Mimi nilijibu, nikala kofi. Perisi peke yake ndiye aliyetii. Alifumua na kushona, na kila jioni alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akiniuliza kwa kunong'ona, "Debora, litaisha kweli?" Nikamwambia atakwenda Njombe na nusu blanketi, ajifunike miguu au kifua, achague.

Wakati huohuo Bibi, mama yake Baba, akaja kutoka kijijini kumuaga mjukuu. Alileta karanga na mlenda mkavu. Kiswahili Bibi alikijia ukubwani, na alikisema kwa uangalifu, neno moja moja, kama mtu anayevuka korongo kwa kukanyaga mawe. Akauliza ni kitu gani kile. Tukamwambia, blanketi la mito.

Bibi akashtuka. "Ya mito? Huko shuleni wanalala mtoni?"

Tulicheka mpaka sufi ikatuingia mdomoni. Baba akamweleza kwamba hiyo ni mito ya kulalia, ya kichwani, si ile ya maji. Bibi akavibonyeza vijimto kwa kidole, hakuridhika. Kwao anakotoka, korongo hukaa kavu mwaka mzima, watu wanapita humo na ng'ombe, halafu siku moja maji yanashuka yote kwa pamoja.

"Mto ni mto," akasema. "Ukijaa unachukua mtu."

Baba alicheka kuliko wote. Mama hakucheka. Nilimwona, nikadhani amechoka na sufi kama sisi.

Siku za mwisho kabla ya safari, Mama akaitwa kwenye msiba wa jamaa yetu Kibaigwa. Alisita sana kwenda. Alituagiza tusiguse kitu mpaka arudi, akaagiza tena akiwa mlangoni, akarudi kutoka barabarani kuagiza mara ya tatu. Alipotokomea tu, Mama Mdogo akakunja mikono ya gauni lake.

"Haya wanangu. Basi halimsubiri mtu."

Tulishona siku mbili. Perisi alijaza, mimi nilizungusha mkono wa cherehani mpaka bega likavimba, Mama Mdogo aliongoza kitambaa. Hakukuwa na wembe, hakukuwa na kufumua. Tulipotia mshono wa mwisho tukalitandika kitandani kwa Perisi, tukalizunguka, tukalisifu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kifungoni. Nilimsubiri Mama barazani kama mtu anayesubiri zawadi.

Mama akarudi na vumbi la lori miguuni, akaingia chumbani, akaliona. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Nani amewatuma mlimalize?"

Nani ametutuma! Baada ya chafya zote zile! Nilitoka nje nimenuna, nikaapa sitashona tena maishani. Niliporudi kuchukua kanga nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anakipiga kila kijimto makofi mawili, kama alivyokuwa akifanya. Hakutafuta mshono uliopinda. Keshokutwa yake tulimsindikiza Perisi kituoni, blanketi limefungwa kwa kamba kama mzigo wa kuni, na Mama hakukubali mtu mwingine alibebe. Basi lilipoondoka alibaki amesimama mpaka vumbi likatua, nasi tumesimama nyuma yake, njaa inatuuma.

Perisi alirudi mwezi wa kumi na mbili. Blanketi lilibaki shuleni kwenye sanduku, likiwa na tundu moja mahali ambapo rafiki yake wa kitanda cha juu aliomba kijimto cha kuchomekea pini. Alikuja na maneno mapya na mwendo mpya, akakaa sebuleni kama mgeni, akasema "kwetu bwenini." Kwetu! Baada ya hapo alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, mpaka leo.

Sasa nisikilizeni kichekesho. Binti yangu Nyemo, kitinda mimba, wa mwisho kubaki kwenye nyumba yangu hapa Ipagala, ni muuguzi, na amepangiwa kazi Makete, kulekule kwenye baridi ya Njombe. Ananijia na simu. "Mama, kuna njia mpya ya haraka ya kushona blanketi la vijimto, Mzungu mmoja anaonyesha." Mpya! Nikatazama. Ni mistari ileile ya Mama Mdogo Leti, mifuko ileile, mshono uleule wenye kazi mbili, ila Mzungu amefunga utepe na kupiga muziki. Watoto hawa wangeambiwa moto umegunduliwa juzi wangeamini.

Akanunua pamba ya dukani, nyeupe, isiyo na mbegu wala chafya. Cherehani yangu ni ya umeme. Hakuna upepo ulioleta ugomvi, hakuna mtoto aliyenyimwa rede, hakuna jirani aliyekuja kulalamika, hakuna hata mtu wa kutupiana naye methali. Anashona masikio yameziba nyimbo, na anashona upesi, upesi mno, upesi wa kunitia hasira. Nilianza kumsumbua. Chai kwanza, mwanangu. Umeme utakatika, mwanangu. Kijimto hiki kinatokana na gauni gani, hebu nisimulie. "Mama," akasema akicheka, "ni kitambaa cha mita, nimekinunua mjini."

Mama alishatangulia mbele za haki, sina wa kumwuliza. Nimekasirishwa naye miaka yote hii kwa ajili ya mishono ambayo haikupinda, nikawasimulia watu, nikamcheka. Ni Bibi tu, na Kiswahili chake cha kuvukia mawe, aliyesema ukweli mbele yetu sote, kwamba mto ukijaa unachukua mtu, nasi tukacheka mpaka sufi ikatuingia mdomoni.

Jana jioni Nyemo akaniita. Begi lake lilikuwa limeshafungwa, limesimama karibu na mlango. Blanketi lilijaa meza nzima, likaning'inia pande zote, na umebaki mstari mmoja tu.

"Njoo uone, Mama. Nikiunga huu nimemaliza."

Nikavaa miwani. Nikaupitisha mshono vidoleni, mwanzo hadi mwisho, polepole. Anashona vizuri huyu mtoto; ulikuwa umenyooka kama rula.

"Umepinda," nikamwambia. "Fumua."