Mpima damu asiyewasahau wasindikizaji

Saa moja kasoro robo asubuhi, benchi la maabara limeshajaa. Wazee wamekuja bila kutia kitu tumboni tangu jana jioni, na njaa imewafanya wakali. Dada Pole anafunga mpira juu ya kiwiko cha mzee mmoja mnene, anapapasa mshipa, anasema "pole" kabla ya kuchoma. Ndivyo alivyopata jina hilo.

Kisha anamgeukia mke wa mzee, mama mwembamba aliyepakata koti la mumewe na mkoba wenye chupa ya chai.

"Na wewe mama, umekula?"

"Nitakulaje mwenzangu ana njaa?"

"Basi nipe kidole nipime sukari yako, na mafuta ikibidi."

Mama anacheka. "Mimi? Hebu nitazame mwanangu, nilivyokauka hivi. Mafuta nitayatoa wapi?"

Dada Pole hacheki. Maneno hayo aliwahi kuyasikia kwa dada yake, wa tumbo moja.

Kwa miaka sita dada huyo alimleta mumewe hapa kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa shemeji alikuwa na kitambi na kila mtu alijua kitambi ni ugonjwa. Alimkumbusha vidonge, akampunguzia chumvi, akamngojea kwenye benchi hili hili. Siku moja akaanguka jikoni. Hospitali ikakuta sukari imepanda kupita kiasi na mafuta yameziba mishipa ya moyo. Alikufa akiwa na miaka sitini na mitatu.

"Nilikuwa namtoa damu mume, mke yuko hatua mbili tu kutoka kwangu," anasema Dada Pole. "Mara ishirini na nne. Sikumchoma hata kidole. Mimi, mwenye sindano."

Kinachomuuma ni kwamba alijua. Mwanamke anapoendelea kuona siku zake, mwili humkinga kwa kiasi fulani. Hedhi ikikoma, mafuta mabaya kwenye damu huanza kupanda, na mara nyingi humpita mwanamume wa rika lake. Sukari nayo hupanda na umri kwa wote, na wembamba si hirizi.

"Haya nilisoma chuoni nikafaulu," anasema. "Nyumbani nikafeli."

Baada ya msiba alijiwekea kanuni: mzee akiletwa, aliyemleta naye anapimwa. Mkuu wa kituo alilalamikia vifaa, wakakubaliana kidole kwanza, mshipa baadaye kukiwa na sababu. Mwaka jana alipima wasindikizaji mia mbili na kumi, wengi wao wake wa wagonjwa. Arobaini na mmoja walikuwa na sukari ya juu bila kujua. Mshahara haujaongezeka hata senti. Zilizoongezeka ni saa za kusimama.

Asubuhi hii mama bado anagoma, mpaka mumewe anaingilia.

"Mke wangu, mpe kidole. Mimi wameshaniteka damu kama kisima, wewe tone moja linakushinda?"

Benchi zima linacheka, na mama anatoa kidole. Mashine inasoma kumi na tatu nukta mbili. Kwa mtu aliyelala bila kula, hata saba ingemtia daktari wasiwasi.

Hakuna anayecheka tena. Dada Pole anamweleza taratibu, anamfunga mpira apime na mafuta, kisha anawaelekeza chumba cha daktari. Mzee anachukua koti lake na mkoba, anamshika mkewe mkono.

Dada Pole anastaafu baada ya miezi saba. Anataka fomu ya kliniki iwe na mstari wa msindikizaji na matokeo yake, kanuni isije ikaondoka naye. Ameandika barua mbili kwa wakubwa, zote kimya.

Ya tatu hakuiandika yeye. Alimwomba shemeji, ambaye bado huja kupima kila miezi mitatu, peke yake, na majibu yake ni mazuri. Dada Pole anaitoa barua hiyo mfukoni mwa koti lake jeupe. Kesho ataipeleka kwa mkono wake. Inaanza hivi: "Mgonjwa nilikuwa mimi. Aliyekufa ni mke wangu."