Ua la Njano la Nyikani

Leo mgeni kanisahihisha kwa uongo wangu mwenyewe.

Niko intaneti kafe hapa Moshi, viatu bado vina vumbi. Acha niandike kabla sijaghairi.

Mnajua natembeza wageni. Asubuhi nilikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, sasa anaishi Kanada. Tukashuka nyikani, chini ya Himo. Mvua ilinyesha juzijuzi, na vile viua vidogo vya njano vimetoka kati ya mawe. Wiki chache tu, vinakauka.

Akachuchumaa. "Hili linaitwaje?"

Siku hizi najitahidi kusema kweli. "Mama, sijui."

Akafungua daftari lake huku akicheka. "Kazi yako hii, halafu hujui? Linaitwa ndeshi. Dada yangu aliambiwa hapa, zamani."

Jamani. Aliyemwambia ni mimi!

Nilikuwa ndiyo naanza kazi, naona aibu kusema sijui, nikataja jina la kwanza lililonijia. La bibi yangu.

Nilitaka kukiri, nikaishia kuliangalia lile daftari lake. Ninyi mngesema?

Maana Bibi Ndeshi alishuka nyika ile miaka yote kukata majani ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani hadi Marangu. Kaburi lake pale kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, tumelipandia mimea ya masale tu iwe alama. Jina hatujawahi kuandika.

"Asante, mama," nikasema. "Hebu nionyeshe ulivyoliandika."