Kumi Elfu Mia Nne na Tatu

Enzi zetu pale Bagamoyo, miaka ya sabini mwanzoni, hesabu tulizipiga kwa kijiti mchangani, harufu ya vitumbua ikitutia wazimu. Daftari tulilibania. Vijana wa leo wanachora maua kurasa tatu nzima, halafu wanalalamika kazi nyingi.

Rafiki yangu Salima alikuwa na kichwa, nyie acheni tu. Tulikuwa darasa la saba. Mwalimu wa hesabu alitaka mtu mmoja wa kwenda mashindano, akaandika ubaoni 10,403. Jumatatu tumwambie: ni namba tasa, au ipo namba inayoigawa bila baki? Baba yake Salima naye alishasema, "Ukichaguliwa, utaendelea kusoma. Usipochaguliwa, ile posa ya kutoka kijijini Mkange naipokea."

Uani kwao Salima alinieleza taratibu. Ni witiri, basi mbili imetoka. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata nane, tatu nayo imetoka. Tujaribu namba tasa peke yake, tena tusivuke mia na moja, maana mia na mbili mara mia na mbili imeshaipita. Zote zilikuwa ishirini na sita. Tukagawana kama tulivyogawana hata muhogo wa kukaanga: yeye kumi na tatu za mwanzo, mimi za mwisho.

Nikaanza na arobaini na tatu, nikaenda mpaka tisini na saba. Kila mahali baki. Ikabaki mia na moja tu, na wenzangu wananiita, rede imeanza, timu yao haijatimia. Nikamwambia Salima, "Zangu nimemaliza zote, hakuna." Hakuniuliza mara mbili.

Jumatatu akasimama, uso umenawiri. "Ni tasa, mwalimu." Mwalimu akachukua chaki, akaandika 101 × 103. Darasa zima likacheka. Salima alijua fika ile mia na moja ilikuwa ya nani, wala hakunitaja. Mimi nikainamia dawati. Akachaguliwa mwingine.

Tulipomaliza shule akaozwa Mkange. Ilinichukua miaka miwili kupata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi. Mama mkwe wake alinikaribisha, nikamwamkia, akanikalisha mkekani, ndipo akaniambia Salima alifariki kwa uzazi. Akaniuliza mimi nani. Nilipomtajia jina langu akanishika mkono. "Kumbe ndiye wewe. Alikuwa akikusifu sana." Nililia mpaka nikaona haya, naye akadhani nalia msiba tu.

Juzi nilimpa mjukuu wangu namba ile. Akaibonyeza kwenye simu, jibu likaja kabla sijakaa vizuri. Enzi zetu nazisifu kila siku, heshima yake, michezo yake, mchana wake mrefu. Lakini simu haiachi hesabu ikakimbilia rede. Tungekuwa nayo siku ile, Salima angesoma.