Siku Kak Rubiah Alipompisha Datuk

Rubiah binti Lamin, ambaye kijijini tunamwita Kak, yaani dada, hakuutafuta useneta. Ulimwangukia. Bunge la jimbo lilikuwa na kiti kimoja cha kujaza katika baraza la juu, vyama viwili vikakigombania karibu kushikana mashati, na mwishowe wakaafikiana wamchukue mtu ambaye hakuna aliyekuwa na kinyongo naye. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, mwenyekiti wa ushirika wa wagema utomvu wa mpira wa kijiji cha Talang Rimbun, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu na mkono mwepesi wa kupakulia watu chakula. Wanaume wa kahawani walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha mmoja wao akasema, "Kak, ukifika huko usiisahau shule yetu," na kicheko kikakatika.

Shule ndiyo iliyokuwa ikiwakosesha watu usingizi. Serikali ilikuwa imeleta muswada wa kuunganisha shule ndogo za vijijini, na baraza la chini lilikwisha kuupitisha. Ukipita na juu, shule ya Talang Rimbun ingefungwa na watoto wangesombwa kwa basi kila alfajiri hadi mjini. Kwetu ardhi binti huirithi kwa mama yake. Shule ikiondoka, binti mwenye watoto wadogo huifuata ilikokwenda, na nyumba ya mama hubaki na bibi mzee na paka. Hilo ndilo Kak Rubiah aliloahidi kwenda kulisema. Akaikariri hotuba yake huku akipitisha mpira kwenye mashine ya kuubana, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mumewe naye akaijua.

Siku ya muswada ilipofika akavaa vazi lake refu la heshima, baju kurung ya kijani, akachukuliwa na gari la Datuk Mahidin hadi mji mkuu. Datuk Mahidin alikuwa seneta wa siku nyingi, tena mkuu wa ukoo wao, ndiyo sababu ya kuitwa Datuk. Arusi, msiba, ugomvi wa mpaka wa shamba, hakuna kilichoanza kabla hajafungua kinywa. Njia nzima alisinzia, na Kak Rubiah akaona si adabu kumwamsha amweleze habari za shule.

Kuchanganyikiwa kulianza mlangoni. Rungu la fedha liliingia likiwa begani kwa mtu aliyevaa kama bwana harusi, watu wote wakasimama, wakainama. Kak Rubiah aliinama wakati wenzake walikwisha kunyooka, na akainamia upande wa waandishi wa habari. Alipotaka kukaa akakuta dua bado. Alipoendelea kusimama akakuta wenzake wamekaa.

Maswali ndiyo yaliyomwacha hoi. Seneta mmoja aliuliza swali la pili, naibu waziri akajibu la pili, la tano na la tisa kwa pamoja. Mwenye la tano akasema hakuridhika, mwenye la tisa hakuwepo. Mtu akasimama kudai kanuni imevunjwa, mwingine akasimama kudai kwamba aliyesimama hakuwa na haki ya kusimama. Mimi nikiulizwa nitasema wazi, kanuni zile zilitungwa na watu wasiokuwa na haraka ya kwenda kokote.

"Sasa anajibu nini huyu?" Kak Rubiah alimnong'oneza jirani yake, Bibi Kiew Suet Mooi, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwandani kabla ya kuletwa hapo.

"Swali la wiki iliyopita."

"Mbona limeulizwa leo?"

"Kak, usijaribu kuelewa asubuhi. Asubuhi ni ya kukaa tu. Mimi huu mwaka wa tatu na bado nagonga meza nikiona wenzangu wanagonga."

Kak Rubiah naye akagonga meza. Naibu waziri akamtazama kwa mshangao, kwani alikuwa ametaja kifo cha mtu.

Baada ya chakula cha mchana ikafika zamu ya muswada. Waziri aliusoma kwa haraka, na Mwenyekiti wa baraza akauliza nani anataka kuchangia. Wakasimama kadhaa. Kak Rubiah naye akasimama. Mbele yake, kwenye safu ya kwanza, Datuk Mahidin naye akainuka polepole na karatasi mkononi.

"Seneta Rubiah binti Lamin," akasema Mwenyekiti.

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kisogo cha Datuk, kofia yake nyeusi ya songkok na mabega yake ya uzee, amesimama anangoja. Anamngoja yeye. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea tangu Kak Rubiah azaliwe, na lilimchoma kama mtu aliyekutwa amekaa mezani kabla ya wageni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru," akasema. "Lakini Datuk yupo hapa, na mimi ni mtoto wa ukoo wake. Haifai nimtangulie. Naomba aanze yeye, mimi nitafuata."

Meza zikagongwa pande zote. Hata waziri alitabasamu. Datuk Mahidin akageuka, akamwinamia kichwa kidogo, naye Kak Rubiah akakaa uso ukipata joto la furaha. Kwa mara ya kwanza siku ile alihisi amefanya jambo sawasawa.

Bibi Kiew alikuwa amemkodolea macho.

"Kak, umefanya nini?"

"Nimempisha."

"Umeitwa, umesimama, umesema, umekaa. Hiyo ndiyo zamu yako. Hapa kila mtu anachangia muswada mara moja tu."

"Lakini sijasema kitu."

"Umesema. Wale pale wameshaandika."

Kak Rubiah akawatazama waandishi wa kumbukumbu, wameinamisha vichwa. Bibi Kiew akamwita karani kwa kidole, na karani, kijana nadhifu mwenye harufu ya sabuni, akaja akachuchumaa kando ya kiti. Akathibitisha kwa upole wote. Kanuni ndivyo zilivyo, Mheshimiwa, alisema, na kwa kweli maneno yake yalikuwa mazuri sana, yamewagusa watu.

Datuk alikwisha kuanza kusoma. Alisoma kwamba shule ndogo zinakula fedha, kwamba walimu wazuri hawataki kukaa porini, kwamba basi la serikali lina viti vya kutosha. Kak Rubiah alimsikiliza bila kuamini. Alijua mzee yuko upande wa serikali, lakini kujua jambo ni kitu kimoja, na kulisikia likitoka kwenye kinywa kile kile kilichomsomea dua siku ya arusi yake ni kingine.

"Iko njia moja," Bibi Kiew akanong'ona. "Mkatize. Omba akupe nafasi ndani ya zamu yake. Akikubali anakaa, wewe unasema ya kwako. Inaruhusiwa, kila siku wanafanya."

"Nimkatize Datuk?"

"Ndiyo."

"Mkuu wa ukoo?"

"Hapa ni seneta tu, Kak, kama mimi na wewe. Simama."

Kwa Bibi Kiew lilikuwa jambo jepesi. Kwetu hata anayeungua mkono jikoni hungoja Datuk amalize sentensi. Kak Rubiah hakuelewa ni nyumba gani hii ambayo adabu yake ni kosa na utovu wa adabu ndiyo haki yake. Akawaza watoto wa Talang Rimbun wakipanda basi gizani, akasimama nusu, mkono umeshika meza.

"Naomba nafasi, Datuk."

Mzee akashusha karatasi. Akamtazama juu ya miwani, bila ukali, vile anavyowatazama wanaowahi kula karamuni kabla ya dua.

"Kaa kwanza, mwanangu."

Kak Rubiah akakaa. Mwili ulikwisha kukaa kabla akili haijaulizwa. Nyuma huko wanaume wawili wakacheka kwa pua.

"Mbona umekaa?" Bibi Kiew akauliza.

"Ameniambia nikae."

"Na wewe ukakaa."

"Sasa ningefanya nini?"

Akajaribu tena mzee alipofungua ukurasa wa mwisho. Safari hii Datuk aliinua kiganja tu, na Kak Rubiah akarudi kitini akijichukia. Kengele ya muda ikalia. Datuk akamaliza kwa kusema anauunga mkono muswada, akaketi, meza zikagongwa.

Wengine wakazungumza, hata Bibi Kiew akazungumza, vizuri tu, lakini habari za viwanda na malori, maana shule za vijijini hakuzijua. Kisha Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Ukumbi ukanguruma. Akauliza wasiokubali. Zikasikika sauti za wachache, na moja ilikuwa nyembamba kuliko zote. Kak Rubiah aligeuka kutafuta ni nani yule kabla ya kutambua kwamba ni yeye mwenyewe. Muswada ukapita. Wakaingia moja kwa moja kwenye jambo la bandari.

Jioni gari la Datuk lilikwama kwenye foleni ya mji, kisha likapata barabara kuu ya kusini. Kwenye kituo cha mapumziko mzee alimtuma dereva akanunue mahindi ya kuchemsha, akampa Kak Rubiah hindi kubwa zaidi kwa mkono wake.

"Umenipa heshima kubwa leo," alisema. "Hata Mwenyekiti amenisifia watoto wetu walivyolelewa."

Kak Rubiah alilishika hindi bila kulila.

"Datuk, kile kipande cha mwisho, cha kura. Nilisema sikubali. Umenisikia?"

"Nimesikia. Hilo sikulielewa. Ukimpisha mkubwa wako aseme, neno lake linakuwa neno lako. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Kisha unasimama kunikatiza, kisha unanikataa mbele za watu. Nikasema labda huko ndivyo mambo yalivyo siku hizi."

Kumbe huko nako alikwisha kukosea. Kwa kanuni za baraza alikuwa amesema na kumaliza, na kwa mila za ukoo alikuwa amekubali. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja.

"Sikukupisha ili nikubali, Datuk. Nilikupisha kwa sababu ulikuwa umesimama."

Mzee alitafuna polepole, akifikiri.

"Na hotuba yenyewe ilikuwa inasema nini?"

Kak Rubiah akamsomea yote kwa kichwa, hapo hapo kwenye kiti cha nyuma, gari limesharudi barabarani na dereva amepunguza redio bila kuambiwa. Ilianza kwa shukrani. Ilisema uwanja wa shule ya Talang Rimbun ulimegwa kwenye ardhi ya bibi mmoja aitwaye Halijah binti Sidik, aliyekuwa na mabinti wanne na hakuwa na ardhi ya kutosha kwa hao wanne, akaitoa hivyo hivyo ili watoto wa wenzake wasitembee hadi mjini. Ilisema bibi huyo marehemu ni mama mzazi wa Seneta Mahidin, aliyeketi katika baraza hili tukufu, na kwamba kijiji kinamshukuru mama kupitia mwanawe. Kisha ndipo ikaja habari ya mabinti watakaohama, na nyumba zitakazofungwa.

Alipomaliza, Datuk alikuwa ameliweka hindi lake juu ya karatasi.

"Hayo ungeyasema mbele yangu? Na jina lake?"

"Ndivyo yalivyoanza, Datuk. Ndiyo maneno ya kwanza kabisa."

"Ile karatasi niliandikiwa na chama," mzee alisema. "Talang Rimbun haikutajwa humo. Nilisoma tu." Akavua miwani. "Mwanangu, ungetangulia wewe, nisingethubutu kuisoma. Wallahi ningeikunja nikakaa. Na mimi nikikaa, wale wa jimbo letu wote wangekaa, na muswada ungekwama."

Kak Rubiah alitafuta pa kuipeleka hasira yake na hakupaona. Akaugeuzia uso dirishani, kwenye michikichi iliyokuwa ikikimbia nyuma, akalia kwa sauti bila kujificha, na mzee Mahidin akakaa kando yake na hindi lake lililopoa, hakuweza kumwambia anyamaze.