Kemunto Asiyeonekana

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nyansiongo kabla stima haijafika vijijini, rafiki wa kuwazia hakuletwa na televisheni. Ulimtengeneza mwenyewe, na ukimtengeneza vibaya ulikaa naye hivyo hivyo. Watoto wa siku hizi huletewa aliye tayari, amepakwa rangi na ana wimbo wake.

Nasema hivi kwa sababu binti yangu Shantel ana katuni anayoitazama hapa kwetu Nyanchwa kila akitoka shule, viatu bado viko mguuni. Ni visa vya marafiki wa kuwazia wanaowafuata watoto waliowawazia hadi darasani. Mmoja ni wa rangi ya zambarau, ana miguu mitatu, na kazi yake ni kukwama: leo kwenye friji, kesho kwenye bomba la maji, keshokutwa ndani ya keki. Mwingine anaogopa supu. Shantel hucheka mpaka anateleza kutoka kwenye kochi. Mimi nikiwa na kikombe changu cha chai huuliza maswali ya mtu mzima: huyu wa zambarau analishwa na nani? Na hiyo miguu yote mitatu anaiosha saa ngapi?

"Mum, ni wa kuwazia tu," Shantel hunijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Wa kuwazia tu! Rafiki yangu alioshwa miguu kila jioni, kwa maji ya uvuguvugu, na nyanya yangu mwenyewe.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka baridi ya Nyansiongo asubuhi, ukungu umelalia majani chai na ng'ombe wakitoa moshi puani. Wazazi walitoka mapema na vikapu mgongoni kwenda kuchuma. Kaka zangu walikwenda shule, nami niliyekuwa bado mdogo niliachwa na Magokoro, ndivyo tulivyomwita nyanya. Mchana tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu ya majani, iliyolazwa kwenye maziwa, chungu hasa, na mtoto aliyekunja uso aliambiwa, "Uchungu ndio unaojenga mifupa." Mpaka leo sijakutana na daktari aliyethibitisha hayo, lakini mifupa ninayo.

Michezo ilikuwepo, ila ilihitaji watu. Kati haichezwi na mtu mmoja. Nani atakurushia mpira? Kuteleza mlimani juu ya gome la mgomba kunahitaji mtu wa kukusukuma na mwingine wa kukucheka gauni likipasuka. Kwa hiyo nikamtengeneza Kemunto. Jina nililitoa kwa msichana mmoja wa njia ya kanisani aliyekuwa na sweta lenye vifungo vya kung'aa. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeng'oka jino la mbele, Kemunto naye nilimtoa jino, asije akaringa.

Tulikaa vizuri mpaka siku ile kibuyu cha maziwa ya mgando kilipovunjika. Magokoro aliingia jikoni na fimbo, akaniuliza nani amefanya kazi hii. Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua, kwamba ni Kemunto.

Fimbo ilishuka yenyewe. "Kemunto yupi?"

"Kemunto wangu. Yule mwenye pengo hapa mbele."

Magokoro alikaa chini, hapo hapo kwenye maziwa, akajifunika uso na leso. Mimi nilidhani ni kibuyu kinachomliza. Baadaye mama ndiye aliyenieleza kwa sauti ya chini: Magokoro alikuwa na binti aliyeitwa Kemunto, aliyekufa kwa homa akiwa wa umri wangu, ameng'oka jino hilo hilo. Alizikwa nyuma ya migomba na tangu hapo jina lake halikutajwa pale nyumbani. Nilieleza habari za sweta na vifungo. Nilieleza kwa mama, nikaeleza kwa Tata, baba yangu, nikamweleza hata Magokoro mwenyewe. Nani anasikiliza mtoto akishaanza kusema ukweli?

Kuanzia jioni hiyo Kemunto alipakuliwa sahani yake. Alipewa ndizi iliyoiva kuliko yangu. Alioshwa miguu, akafunikwa blanketi, akaambiwa, "Lala, mwanangu." Kila mara sahani yake ilirudi tupu, na mimi nikaanza kunenepa, na hakuna mtu aliyeunganisha mambo hayo mawili. Alikuwa na kigoda chake kando ya moto. Tata, mtu mzima mwenye shamba la chai, alirudi siku moja amechoka akakikalia. Magokoro alimkemea hadi akaruka, akanywa chai yake amesimama, akiomba radhi kwa kigoda.

Ningekuwa na akili za biashara kama watoto wa sasa, ningejitengenezea marafiki watano. Lakini nakiri wazi, nilimpenda yule mmoja. Na nilimpenda Magokoro akiwa hivyo, akiniuliza usiku wa Ijumaa, "Mmecheza nini leo?" huku macho yake yakitazama kando yangu kidogo, mahali nilipomwambia Kemunto amekaa.

Kijiji hakina siri, na cha Wasabato ndiyo kabisa. Habari zilimfikia mzee wa kanisa. Alikuja Jumapili alasiri na kofia yake na sauti yake ya ibada, akakikaribia kile kigoda kando ya moto, akajishusha apumzike.

"Hapo pana mtu!" Magokoro akasema.

Sijawahi kuona mzee akiinuka kwa kasi ile. Kofia ilianguka majivuni. Alipojirudishia heshima, alikaa mlangoni na kuanza kumkumbusha Magokoro fundisho letu, kwamba wafu wamelala, hawaji, hawali, hawana habari na sisi. Kinachokuja kwa jina lao ni kitu kingine kabisa, na kitu hicho hufukuzwa.

Hapo ndipo kicheko kiliponitoka, ikabaki hofu tupu. Walitaka kumfukuza Kemunto wangu. Aende wapi? Hakujua njia nyingine isipokuwa ya kwetu.

"Mzee, fundisho hilo nalijua," Magokoro akasema. "Nimewafundisha watoto wa Sabato miaka yote, na wako wakiwemo. Wafu wamelala. Lakini mtoto akifika kwako ana njaa, utaanza na fundisho ama utaanza na chakula?"

"Mama, mtu mwenye kitu hiki nyumbani hawezi kusimama mbele ya watoto wa kanisa. Ama kiondoke kabla ya Sabato, ama tutafute mwalimu mwingine."

Darasa lile la watoto lilikuwa fahari ya Magokoro. Alilipigia pasi leso tangu Alhamisi. Nikajua Kemunto amekwisha.

"Basi tafuteni," akasema. "Mtoto wangu nilimtoa nyumba hii mara moja. Sitamtoa tena."

Sabato hiyo alikaa kiti cha nyuma kanisani, mimi pembeni yake, na kati yetu nafasi ya mtu mwembamba. Watu waligeuka kututazama hadi shingo zikawauma. Mimi nilijisikia kama mtoto wa mfalme. Yeye alishika wimbo kwa sauti ndogo na hakumtazama mtu.

Wakati huo mama alikuwa mzito, siku zake zimekaribia, na kila mtu alijua kwamba akijifungua msichana atamwita Nyanchama, jina la mama yake mzazi aliyefariki mwaka uliotangulia. Kwetu mtoto hubeba jina la marehemu, na mama alikuwa amelihifadhi jina hilo. Alijifungua msichana. Wanawake walipojaa nyumbani na uji ukimiminwa, wakamuuliza anaitwa nani. Mama alimtazama Magokoro, ambaye alikuwa amejibanza mlangoni kama mgeni.

"Kemunto," mama akasema.

Sijui alilimezaje jina la mama yake, na hakuwahi kulizungumzia. Magokoro alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamchukua mtoto, akamwita, akamwita tena, "Omwana one, mwanangu," machozi yakimdondokea yule mtoto usoni. Mzee wa kanisa alikuja kubariki. Jina ni desturi tu, akasema, jina halina dhambi. Magokoro akarudishiwa darasa lake. Kila mtu alipata alichokitaka, isipokuwa mimi.

"Huyo si Kemunto," niliwaambia. "Huyo hana hata meno." Walicheka wakanipa mandazi. Jioni ikapakuliwa sahani moja. Kigoda kilirudi kuwa kigoda, na Tata akakikalia bila woga, akanyoosha miguu. Nilikwenda nyuma ya migomba kumwita rafiki yangu, nikaita mpaka sauti ikakauka, na kwa mara ya kwanza sikusikia kichwani mwangu mtu akinijibu. Niliporudi nikilia, mama aliniinamisha juu ya blanketi alimolala mtoto. "Kemunto ndiye huyu. Cheza naye." Nikamnong'oneza yule mtoto kwamba twende tukateleze mlimani. Akanitapikia mkono.

Miaka ilipita nikamsamehe yule mdogo wangu. Magokoro alimbeba mgongoni hadi alipokuwa na miguu mirefu inayoburuzika, na watu walipomwambia amshushe, alisema hajachoka. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kemunto, na hakuna aliyeona ajabu.

Leo naitazama katuni ya Shantel na sioni kitu kinachopotea. Yule wa miguu mitatu hukwama na kukwamuka, watoto nchi nzima wanaye mmoja huyo huyo, na hakuna nyumba hata moja iliyowahi kumwekea sahani. Stima ikikatika wanasema tungoje irudi, na ikirudi naye yupo, hajazeeka wala hajakonda. Labda ni afadhali. Hakuna mzee wa kanisa atakayekuja kumfukuza. Ila huwa nawahurumia, wana marafiki wengi hivyo na hakuna wa kumlilia.

Juzi tangazo la biashara lilipoingia, Shantel alikumbuka kwamba nami niko sebuleni.

"Mum, na wewe ulikuwa na rafiki wa kuwazia?"

"Nilikuwa naye."

"Alienda wapi?"

"Alizaliwa," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Mum, hiyo hata haimake sense," akasema, akaongeza sauti ya televisheni.